Pipa Limejaa, Bomba Limekauka

“Nani amejaza pipa?”

Mama Noella aliuliza hivyo asubuhi moja ya kiangazi, amesimama nyuma ya nyumba na sufuria mkononi. Noella, binti yake mkubwa, alikuwa anatafuta kiatu cha pili awahi chuo. Belyse, kitinda mimba wa miaka mitano, alikuwa amekaa kwenye ngazi anatafuna mkate polepole, macho yake kwenye geti la bati. Bomba la mtaa lilikuwa halijatoa hata tone tangu juma lililopita, Nyamianda nzima ilikuwa inahangaika na ndoo, na pipa la nyumba ile lilikuwa limejaa mpaka mdomoni.

Katika nyumba nyingine watu wangeacha chai wakakimbia. Katika nyumba ile maji yalikuwa yamezoeleka kufika yenyewe. Muda wote walioishi na Irankunda, msichana wa kazi kutoka Sange, hakuna aliyewahi kuuliza maji yamefikaje: mtu aliamka, akachota, akaoga, akaenda zake. Irankunda alipoondoka mvua zilipokuwa zinaisha, Mama Noella alisema ametoroka na kijana wa pikipiki wakavuka mpaka. Majirani wakatikisa vichwa, wakasema wasichana wa siku hizi, na habari ikaishia hapo. Kwa hiyo asubuhi ile mama aliuliza mara moja tu, kisha akachovya sufuria.

Chai ilinuka matope. Waliinywa.

Noella alikuwa mwanafunzi wa umeme, lakini mdomo wake ulijulikana kuliko alama zake. Kwenye mashindano ya mjadala wavulana wa sheria walikuwa wanauliza kwanza kama naye atakuwepo, ndipo waandikishe majina yao. Mwaka ule alikuwa ameshinda kwa mada ya haki za wafanyakazi wa majumbani. Alisema vizuri mno. Alikuwa amevaa blauzi nyeupe ambayo Irankunda aliifua na kuinyoosha.

Kwa kazi ya chuo alikuwa ametengeneza kipimo cha maji ya pipa: nyaya tatu za shaba zinazoshuka ndani, ndefu, ya kati na fupi, zimeungwa kwenye kadi ndogo ya kielektroniki yenye taa tatu. Maji yakigusa waya, taa yake inawaka. Pipa lao lilikuwa dogo, la bidoni tatu, yaani madumu matatu ya kuchotea, na kila bidoni lilipanda waya mmoja. Alimwonyesha mama yake kwa fahari.

“Taa,” mama alisema. “Sasa minye nikae hapa nakodolea taa macho, sawa vile niko mu misa?”

“Mama, ni mradi wa shule.”

“Mradi iniite. Mutoto mwenye akili unamusikia ata uko mu jikoni.”

Mama alisema kweli, na hilo lilimuudhi Noella kuliko kama angekosea. Alikwenda Kimanga kwa fundi wa simu akarudi na buzeri: kidude cheusi cha duara, kidogo kama kifuniko cha chupa, kimekaa juu ya kipande cha kadi chenye miguu mitatu. Mguu mmoja aliuunga kwenye chanya, mmoja kwenye hasi, wa tatu kwenye ishara. Aina ile ina ukaidi wake: ukiipa ishara inanyamaza, ukiinyima inalia. Mara ya kwanza alipoiwasha ilipiga kelele mpaka Belyse akaziba masikio akicheka. Noella akageuza amri kwenye kompyuta, ikatulia. Halafu akaipangia namna ya kusema. Mlio mmoja, maji yamefika waya wa chini. Milio miwili, wa kati. Mlio mrefu usiokatika, pipa limejaa.

Ili kuijaribu walimwaga pipa na kulisugua. Chini kulikuwa na mchanga mweusi wa ziwa, na ndagala wawili, dagaa wa ziwani, waliokuwa bado wanang’aa.

“Bomba letu linatoa samaki siku hizi?” Noella aliuliza.

“Sugua,” mama alisema.

Jioni ile ile, pipa likiwa tupu na bomba limefungwa, buzeri ililia. Mara moja, fupi, kama ndege anayejaribu sauti.

“Maji imekuja,” mama alisema kutoka jikoni.

Noella alikwenda kufungua bomba. Halikutoa hata hewa. Alifuta nyaya kwa kitambaa, akafikiri labda amegeuza tena ishara, akakagua mguu mmoja mmoja wa kile kidude, na alipochungulia ndani ya pipa aliona maji, meusi, yanatikisika kidogo kama yamemiminwa sasa hivi. Ubishi ulimjaa kichwani ukiwa tayari kwa jibu lolote, lakini hakuna aliyekuwa amesimama pale wa kubishana naye. Ulipita muda. Ulikuwa muda anaoujua bila kujua anaujua, muda wa mtu kuteremka njia ya ziwani, kungoja wimbi litulie, kuchota, kujitwisha na kupanda tena. Buzeri ikalia mara mbili. Ukapita muda uleule. Kisha ikaanza mlio mrefu, na haikunyamaza mpaka Noella alipochomoa betri.

Kifaa hakikuwa na kosa. Hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Kesho yake hakungoja kusikia. Alilimwaga pipa, akarudisha betri, akajibanza kwenye mlango wa jiko mapema jioni, wakati moshi wa makaa wa majirani ulikuwa bado mzito na watoto wa jirani bado wanaitwa wakaoge. Giza lilikuwa halijaingia, mtu angeweza kusoma barua pale uani, na kwa sababu hiyo alichokiona hakikumwachia mahali pa kubishia: geti lilijisukuma, na bidoni la njano, lile lile ambalo mchana lilikuwa limelala tupu karibu na jiko, likapita pale getini kwa kimo cha kichwa cha msichana, halikuyumba wala kumwaga, likaja kwa mwendo wa mtu aliyezoea mzigo, ambaye shingo imekaza na kiuno ndicho kinachotembea, na chini yake hapakuwa na shingo, hapakuwa na kiuno, palikuwa na udongo tu uliokuwa unalowa hatua kwa hatua, kisigino kwanza halafu vidole, mpaka likafika kwenye pipa na kusimama, likasimama kama linangoja mtu wa nyumbani ainuke, likasimama mpaka ikawa aibu, kisha likainama lenyewe, na katikati ya sauti ya maji Noella akasikia pumzi karibu kabisa na shavu lake, pumzi ya mtu aliyetua mzigo bila kusaidiwa, yenye harufu ya matope, na ya ndagala, na ya sabuni ya kufulia.

Buzeri ikalia mara moja.

Bidoni likageuka likatoka.

Aliingia ndani akitembea kwa kushika ukuta. Mama yake alikuwa sebuleni. Aliiona sura ya bintiye. Alinyoosha mkono akaongeza sauti ya redio.

“Mama. Nje iko kintu.”

“Funga mulango.”

“Belyse iko wapi?”

Redio iliendelea kutangaza bei ya mchele. Mama alitazama mkeka ambako mtoto alikuwa amelala, na mkeka ulikuwa na mto tu. Wakati huo buzeri ikalia mara mbili. Walikimbia chumbani, chini ya kitanda, chooni, nyuma ya nyumba, wakarudi mbio wakaenda tena, wakiita kwa sauti ya chini kana kwamba wanaogopa asisikie mwingine. Mlio mrefu ulipoanza, Belyse alikuwa amekaa kwenye ngazi.

Gauni lake lilikuwa limelowa mbele, kutoka kidevuni hadi tumboni, na mikono yote kwa ndani. Mgongo wake ulikuwa mkavu. Mtoto aliyetumbukia majini halowi hivyo. Hulowa hivyo mtoto aliyebebwa kwenye mgongo uliolowa.

“Uliingia mu maji?” Noella aliuliza.

“Hapana, yaya,” Belyse alimjibu dada yake. “Ira alinibeba.”

“Ira alienda kwabo.”

“Iko nachota maji,” Belyse alisema, kwa upole wa mtu anayemweleza mgeni. “Iko nachoka sana. Alisema maji ya hapa pembeni ni chafu. Kesho atanipeleka kule mbali, kwenye maji safi.”

Mama alimchukua mtoto, akamvua gauni, akamkausha kwa nguvu mpaka akalia. Noella alimngoja amalize.

“Hakutoroka.”

“Nyamaza.”

“Mama, kesho atamupeleka mbali. Umesikia. Irankunda hakutoroka.”

Mama alikaa kitandani, Belyse mapajani. Alizungumza akiwa anatazama mlango. Bomba lilikuwa kavu siku ile pia, na akina mama wa jumuiya ya kanisa walikuwa wanakuja kusali. Alimtuma Irankunda ziwani. Msichana alisema mawimbi ni makubwa, na kwamba tangu ziwa lilipopanda na kumeza nyumba za chini, mtu hajui tena ufuko unaishia wapi. Alimtuma. Wageni walikuja, wakasali, wakala, wakaondoka. Alipoteremka kumtafuta aliona bidoni linaelea.

“Uliliokota.”

“Ningeliacha?”

“Ukaliosha, ukalirudisha jikoni.”

“Unataka nini, Noella? Baba yake angenipeleka polisi. Na kanisani ningeingia na sura gani? Weye unajua kusema, lakini siku ile nani alikuwa nalia juu ya blauzi nyeupe haijafuliwa? Yale maji ilikuwa ya nani?”

Noella alimfunika Belyse kwa kitenge. Kisha akasema atakwenda Sange asubuhi.

“Ukienda, usirudi.”

“Nitarudi naye.”

Baba yake Irankunda aliitwa Sévère, mkulima wa mpunga, mrefu, mwenye sauti ndogo. Noella alimkuta shambani pamoja na mama yake mzee, Gloriose. Njiani alikuwa amepanga hotuba nzima. Alipowaona ikamtoka, akasema tu kwamba kuna habari ya Irankunda, na kwamba Mama Noella ataisema mwenyewe.

“Huyo?” Sévère alisema. “Nilikataza jina lake mu nyumba yangu. Nilimutafuta Bujumbura, soko kwa soko. Watu walinicheka.”

Gloriose alikuwa anamtazama Noella miguuni, matope meusi yaliyokauka kwenye viatu vyake. “Anafanya nini kwenu?” aliuliza.

“Nani, koko?” Noella alimuuliza bibi.

“Mujukuu wangu. Anakuja. Ungekuwa na habari ya muntu muzima ungetuma simu. Anafanya nini?”

“Anachota maji.”

Mzee alishusha jembe. Aliuliza neno moja kwa Kirundi, Sévère akaweka mkono mdomoni, na Noella akaelewa ingawa Kirundi chake ni cha sokoni. Kwao mtu akifa ni lazima kinywa cha binadamu kiseme, mbele ya watu, kwamba fulani amekufa. Wanaita kubika. Kabla ya jeneza, kabla ya padri, kabla ya kilio, ni hilo.

“Hakuna aliyemubika,” Gloriose alisema. “Kwa hiyo yeye hajue. Bado anatumwa. Na muntu anayetumwa bila kupumuzika anatafuta mwenzake.”

“Si mungemubika ninyi, hapa?”

“Minye nilimutuma maji? Kinywa kilichomutuma ndicho kitamusimamisha. Na iwe wakati anakuja, na mzigo kichwani.”

Walifika Nyamianda jua limeshaegemea milima. Mama Noella aliwapokea kama wageni wa kawaida. Alitandika kitambaa mezani, akaleta soda, akauliza mpunga mwaka huu umekuwaje. Gloriose hakukaa. Alimchukua Belyse, akamweka mgongoni mwake, akamfunga kwa kitenge, akakaza fundo mara mbili kifuani, akasimama uani mbele ya pipa. Noella alikuwa amelimwaga na kurudisha betri. Alitaka wote wasikie.

“Mama Noella,” Sévère alisema, “mutoto wako ananiambia uko na neno la kuniambia.”

Mama alipanga glasi. “Neno lipi, Papa Sévère? Nilikwambia wakati ule. Alitoroka na kijana. Inaniuma sana hata minye.”

Buzeri ikalia mara moja.

Sévère aligeuka. “Nini hiyo?”

“Ni mambo ya shule ya Noella.”

“Ni bidoni la kwanza,” Noella alisema. “Mama, sema.”

“Weye uko nasema nini mbele ya wageni?”

“Mama, ziko tatu tu.”

Wote walikuwa wametoka nje, wako uani sasa, na hakuna aliyekaa. Nje ya geti mtu alipita akipiga mluzi, pikipiki ikakohoa mbali, halafu vikaondoka vyote kimoja kimoja mpaka kukabaki ziwa peke yake, linasugua mawe kule chini, na harufu ikapanda, matope na ndagala na sabuni, ikapanda kama inavyopanda maji ndani ya nyumba, miguuni kwanza, na Mama Noella akasema alitoroka, nawaambia alitoroka, na alipokuwa bado analisema neno hilo maji yakamiminika pipani nyuma yao, buzeri ikalia mara mbili na Gloriose akapiga yowe fupi la chini, kama mtu aliyejichoma, kwa sababu kitenge kilikuwa kimelegea.

Fundo lilikuwa palepale kifuani, limekazwa mara mbili. Mgongoni hapakuwa na mtoto.

Noella alikimbia getini. Njia ya kuteremka ziwani ilikuwa tupu na mbichi. Alitaka kushuka, lakini Gloriose alimshika mkono kwa vidole vikavu, vigumu.

“Ukimufuata atakuwa na wawili. Ngoja. Atarudi mara moja tena, ni lazima arudi, alitumwa bidoni tatu.” Kisha akamgeukia Mama Noella. “Mama, akirudi na mzigo, akamimina, akaenda, usiniulize tena mutoto wako iko wapi.”

Walingoja. Mama Noella alikuwa ameshika ukingo wa pipa kwa mikono miwili.

Geti likajisukuma.

Bidoni la njano liliingia likiwa limejaa, maji yanateleza pembeni, na safari hii nyuma yake alikuwa Belyse. Alikuwa hewani, kimo cha mgongo wa msichana, shavu limelala juu ya kitu kisichoonekana, miguu imepanuka kama ya mtoto aliyebebwa, macho yamefumba, nywele zinachuruzika mpaka shingoni. Sévère alipiga magoti. Bidoni lilifika kwenye pipa. Likasimama.

Hapa kwetu mtu akifika na mzigo kichwani, aliye nyumbani huinuka akamtua. Hata kama ni adui, humtua kwanza ndipo mgombane. Irankunda aliingia geti lile kila jioni, na kila jioni alijitua mwenyewe.

“Mama Noella,” Sévère alisema, sauti yake ikikatika, “mutoto wangu amesimama.”

Bidoni lilianza kuinama.

“Irankunda amekufa,” Mama Noella alisema. Alisema polepole, halafu akasema kwa nguvu, ukuta wa jirani ukasikia, na vichwa vikatokeza juu ya ukuta. “Irankunda binti Sévère alikufa mu maji. Minye nilimutuma. Aliniambia ziwa ni baya, nikamutuma. Hakutoroka na muntu. Nilidanganya baba yake, nilidanganya ninyi wote.”

Aliinua mikono, akalishika bidoni pande zote mbili, na wote wakaona uzito ukimwingia, mabega yakashuka, maji yakamwagika usoni na kifuani mwake. Alilishusha mpaka chini. Halikuinuka tena. Udongo ulinywa maji yaliyomwagika, na mbele yake nyayo mbili zilikaa, hazikusogea, kisigino na vidole.

Sévère alikuwa analia, kilio cha kiume cha msiba, kile ambacho alikuwa amenyimwa tangu mvua. Gloriose akakipokea. Ng’ambo ya ukuta mwanamke mmoja naye akaanza.

Lakini Belyse alikuwa bado hewani.

“Amesikia,” Gloriose alinong’ona. “Sasa anajua alikufa. Anajua ataenda peke yake.”

Nyayo zikageuka. Ilitokea taratibu, tope likazunguka chini ya visigino, na mtoto akazunguka nazo, akaelekea geti, akaelekea njia ya kuteremka ambako ziwa lilikuwa limeanza kuwa jeusi. Noella alitafuta neno. Alijua hoja zote za kumtetea msichana yule, na hakuna hata moja iliyompa haki ya kumwambia arudishe kitu. Aliye na la kusema alikuwa mmoja tu, mama yake, amepiga magoti kwenye tope, amelowa mpaka kifuani. Siku zote alizokaa na Irankunda alikuwa amemwambia lete, toa, fua, amka, nenda. Alinyoosha mikono yake miwili mitupu.

“Irankunda, mwanangu,” Mama Noella alisema. “Nakuomba. Unishushie Belyse hapa.”